Mbwa wa Mjomba Gaspari

Harufu ya pumba za mpunga zinazochemka pamoja na vichwa vya kambale hainipiti hivi hivi. Wengine wakiinusa huziba pua, maana si harufu ya kumkaribisha mgeni. Mimi husimama. Hata nikiwa na haraka, hata nikiwa nimebeba ndoo kichwani, nasimama kidogo, halafu naendelea na safari. Ndiyo harufu ya chakula ambacho Mjomba Gaspari alikuwa akimpikia mbwa wake.

Mjomba Gaspari alikuwa mdogo wake mama. Alikata miwa kwa miaka kadhaa kwenye mashamba ya sukari, huko ambako baba yangu naye alikuwa kibarua na kurudi nyumbani kila mwisho wa mwezi. Baba alibaki, mjomba akachoka. Akarudi Ifakara, akasema anakwenda kulima mpunga bondeni, upande wa kuelekea Mofu, mahali ambapo watu walimwambia nguruwe pori watavuna kabla yake. Akajibu, "Tutaona." Alipopata mbwa wa kulinda shamba, jina likawa hilo hilo. Ikawa ukipita bondeni unamsikia mtu mzima anaita kwa sauti kubwa, "Tutaona! Tutaona!" na wasiojua wakidhani anagombana na mtu.

Mbwa mwenyewe alikuwa wa rangi ya udongo, sikio moja limesimama, moja limelala. Kwa watu hakuwa mkali. Kwa nguruwe alikuwa askari kamili. Mjomba alimpikia chungu chake, kwenye mafiga yake, na bibi yangu, mama yao mama na mjomba, alikuwa akisema, "Gaspari, mwanamke akikuona unampikia mbwa hivyo, nani atakubali kuolewa awe wa pili?" Mjomba alicheka tu na kuendelea kukoroga.

Sisi tulikuwa tunaishi Lipangalala, kule mjini Ifakara, lakini msimu wa mavuno, shule zikifungwa, mama, bibi na mimi tulihamia shambani kwa mjomba. Nilikuwa mtoto wa darasa la tatu. Tulilala kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, unapanda kwa ngazi ya miti. Asubuhi umande ulikuwa baridi kama maji ya mtungini, mpunga unanukia, na kazi yangu ilikuwa kupiga debe na kupiga kelele ili ndege wasitue. Kwa mtoto aliyezoea kuambiwa anyamaze, kazi ya kulipwa sifa kwa kupiga kelele ilikuwa kama peponi.

Mwaka ule Tutaona alipotea siku chache kabla mavuno hayajakolea. Aliporudi alikuwa na jeraha shingoni, kama aliyepigana na mnyama. Mjomba alilisafisha, akampikia, maisha yakaendelea. Mpunga ukakomaa, tukaanza kukata. Mikono ya watu wote pale ilikuwa imechanika kwa mabua na visu, ya mjomba kuliko ya wengine, kwa sababu alikuwa akikata haraka na hakupenda kupumzika.

Halafu asubuhi moja mbwa hakula. Alijificha chini ya dungu, penye giza. Mjomba alipomwita alitoka akiyumba, mdomo wazi, ute unaning'inia mpaka chini. Alijaribu kubweka, sauti ikatoka ya kukwaruza, nyembamba, kama ya mtu aliyekabwa.

"Mfupa umemkwama," mjomba akasema. "Bibi yenu jana alimtupia kichwa cha kambale kizima."

"Usinisingizie," bibi akajibu kutoka jikoni.

Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya dungu, juu yao kabisa, nikila kiporo cha wali. Mjomba alipiga magoti, akambana Tutaona katikati ya mapaja, akamfungua taya kwa mkono mmoja na kuingiza vidole vya mkono wa pili mpaka kooni. Alimsemesha taratibu, kama mama anavyomsemesha mtoto anayetolewa mwiba. Alitafuta kwa muda. Mbwa hakumng'ata, alitetemeka tu. Mjomba akatoa mkono, umejaa ute mpaka kwenye kiwiko, akaupangusa kwenye majani.

"Hamna kitu," akasema. "Labda umeshuka wenyewe."

Akachukua kisu chake, akaenda kukata mpunga. Hakuna aliyelifikiria tena jambo lile. Kwa nini tulifikirie? Mtu alikuwa anamsaidia mbwa wake.

Jua lilipopanda nilishuka kwenda kuchota maji kisimani. Tutaona alikuwa amelala njiani. Nilimwita kwa jina lake. Alinitazama kama hajawahi kuniona, na mpaka leo, katika yote yaliyotokea, macho yale ndiyo hunishtua kuliko meno. Alikuja bila kubweka. Alinishika kwenye mguu, chini ya goti, akatikisa kichwa, na nikasikia sauti inatoka kwangu ambayo sikujua kuwa ninayo.

Wanaume wa shamba la jirani walifika na magongo. Mbwa aliniachia, akakimbia, wakamfukuza mpaka kwenye matete na kumuua huko. Mama alinibeba. Bibi alikuwa tayari anapuliza moto.

"Nileteeni manyoya ya huyo mbwa," bibi alisema. "Manyoya ya mbwa aliyemuuma, yachomwe, majivu yapakwe kwenye jeraha. Ndivyo tulivyofanya sisi tangu zamani kule Mahenge, na watu walipona."

"Mama, hapana," mama akasema. "Sabuni kwanza."

"Sabuni ni ya nguo."

"Na ya jeraha pia. Walitufundisha kliniki. Mdharau mwiba mguu huota tende, mama, na huu si mwiba."

Sikuwahi kumwona mama akimkatalia bibi mbele ya watu. Alichukua kipande cha sabuni ya mche tulichofulia, akaniweka mguu juu ya beseni, akawa anamimina maji na kusugua, anamimina na kusugua. Nililia mpaka nikakaukiwa na sauti, nikadhani amemaliza, kumbe ndiyo kwanza anaanza. Bibi alisimama pembeni na mikono kiunoni, midomo imebana.

Mjomba alifika akikimbia, ameshaambiwa njiani. Aliutazama mguu wangu, akawatazama wale wanaume wenye magongo, akageuza uso upande wa matete. Alitoa baiskeli yake, akafunga gunia lililokunjwa kwenye keria ili nisiumie kwa matuta.

"Mbwa ni wangu," alimwambia mama. "Mtoto nitampeleka mimi."

Tuliondoka bondeni jua likiwa kali, tukafika mjini likiwa limelegea kabisa. Njiani aliniimbia nyimbo za wakata miwa, akibadilisha maneno ambayo mtoto hapaswi kuyasikia, na kwa sababu alibadilisha kwa kuchelewa, niliyasikia yote. Hofu yangu ilikuwa moja tu. Shuleni tulikuwa tunaambiana kwamba ukiumwa na mbwa unachomwa sindano kitovuni, ndefu kama njiti ya kufumia. Nilimwambia mjomba. Akasema, "Wakitaka kitovu, waambie umekisahau shambani."

Hawakutaka kitovu. Nesi pale hospitali, mama mmoja mrefu mwenye sauti ya upole, aliosha jeraha upya, akanichoma begani, akaeleza kwamba nitarudi tena mara kadhaa na kwamba nisikose hata moja. Alimweleza mjomba kama anavyoelezwa mtu mwenye akili, akamtaka ayarudie maelezo. Mjomba aliyarudia vizuri.

Kisha nesi akamuuliza, "Na huko shambani, kuna mwingine aliyeumwa?"

"Hakuna, sista," mjomba akajibu. "Ni mtoto tu. Sisi wengine wote wazima."

Lilikuwa jibu la kweli. Nilikuwepo na hata mimi nililiona hivyo.

Basi ikawa kila tarehe inapofika, mjomba anatoka bondeni na baiskeli yake, anakuja Lipangalala kunichukua, ananipeleka, ananirudisha, anakunywa chai kwa mama na kuondoka. Hakukosa. Mara moja alikuja ametapakaa matope mpaka kifuani kwa sababu daraja la magogo lilikuwa limesombwa. Mguu wangu ulipona, ukabaki na kovu lenye umbo la mwezi mchanga. Bibi alikuja kulitazama, akaligusa kwa kidole, akasema, "Haya," na kwa bibi hilo lilikuwa sawa na kuomba radhi mara mbili.

Mpunga ukaingia ghalani. Watu wakaanza kuchoma mabua, na hewa ya bonde ikawa ya moshi. Kipindi hicho mjomba alikuja nyumbani siku ambayo hatukumtarajia.

"Mkono unaniwasha," alimwambia mama. "Si juu, ndani. Kama sisimizi wanatembea chini ya ngozi."

Mama alitazama. Hapakuwa na kitu. Michubuko ya mavuno ilikuwa imeshafunga zamani, ngozi safi kabisa. Bibi alimkanda kwa mafuta. Kesho yake homa ikapanda, na kwetu homa ilikuwa na jina moja, malaria. Mama akatoa vidonge vya klorokwini, akamletea na kikombe cha maji.

Mjomba alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni. Aliweka vidonge mdomoni, akainua kikombe, na kabla maji hayajagusa midomo, koo lake likaruka. Sijui niliseme vipi. Lilijibana lenyewe, kama ngumi inavyojikunja. Akatema vidonge. Akatushangaa, akacheka kidogo.

"Nimekuwa mtoto mchanga," akasema. "Lete tena."

Alijaribu tena. Safari hii mwili mzima ulitetemeka na kikombe kikaanguka. Hakucheka. Alikuwa na kiu, tulimwona jinsi alivyoyatazama maji yakiingia kwenye udongo. Upepo mdogo ukapita mlangoni, ule wa kawaida unaotikisa pazia, naye akajikunja kama aliyepigwa. "Fungeni mlango," akasema. "Tafadhali, fungeni."

Bibi alianza kulia taratibu. "Huu ni mkono wa mtu," akasema. "Gaspari amepata mpunga mwingi, watu hawakupenda."

Mama hakubishana. Alikwenda kwa jirani mwenye gari dogo la kubebea mizigo, akaomba. Akanikabidhi furushi la kanga nilibebe, na ndivyo nilivyojikuta nimesimama kwenye chumba cha daktari, mahali ambapo kwa kawaida mtoto asingeingia.

Daktari alikuwa mtu wa makamo mwenye miwani. Alimpima mjomba, akamsikiliza, akamletea maji kwenye glasi, akaona yaliyotokea, akayaondoa haraka. Kisha akatutoa nje, mama na mimi, kwenye chumba cha pili.

"Mama, huyu ndugu yako amewahi kuumwa na mbwa?"

"Hapana, daktari. Mbwa alimuuma huyu mtoto. Naye alichomwa sindano zote, hapa hapa kwenu."

Daktari akanitazama. "Mbwa alikuwa wa nani?"

"Wa kwake, huyo mgonjwa."

"Na mbwa alipoanza kubadilika, nani alikuwa anamshika? Nani alimhudumia?"

Mama alikuwa anatafuta na hapati, kwa sababu asubuhi ile yeye alikuwa ameshaingia mpungani. Nami sikujua kwamba swali lile lina uzito. Nilidhani ni swali tu, na nilikuwa na jibu, nikafurahi kuwa na jibu.

"Mjomba alimtafuta mfupa," nikasema.

"Mfupa gani?"

"Wa samaki. Ulimkwama. Alifanya hivi." Nikapanua mdomo, nikaingiza vidole vyangu mpaka nikataka kutapika. "Lakini hamkuwa na mfupa."

Daktari alivua miwani. Nilimgeukia mama ili anipongeze, nikamkuta anashuka chini polepole, mgongo ukiteleza ukutani, mpaka akakaa sakafuni na miguu imenyooka mbele kama mtoto. Sikuwahi kumwona mama ameketi sakafuni mbele ya mwanamume mgeni. Hapo ndipo hofu iliponiingia, hofu isiyo na jina, kwa sababu nilijua ni mimi niliyesema, ila sikujua nimesema nini.

"Mate yake," daktari akasema taratibu. "Yakiingia kwenye mchubuko wowote, ni sawa na kuumwa. Hiki ni kichaa cha mbwa, mama."

"Basi mchomeni zile sindano," mama akasema kutoka pale chini. "Zile alizochomwa mtoto. Mtoto amepona."

"Mtoto hakupona ugonjwa, mama. Alizuiliwa asiugue. Ukishaonekana hivi, sindano hizo hazimsaidii tena. Sisi tutamtuliza tu asiumie sana."

Walimweka chumba chenye giza na utulivu, mlango umefungwa. Padri alikuja. Baba alipanda lori usiku na mchana kutoka kwenye miwa. Bibi aliketi barazani akishika rozari, na alipoelezwa sababu, aliuliza swali moja tu: "Kwa kutoa mfupa?" Akaelezwa tena. Akauliza tena, "Kwa kutoa mfupa?" Nadhani aliuliza hivyo mpaka siku anakufa.

Mimi sikuruhusiwa kuingia. Lakini mama aliniambia, miaka mingi baadaye, kwamba katikati ya mateso yale kulikuwa na vipindi mjomba alikuwa na akili zake zote, anaongea vizuri kabisa, na hicho ndicho kilichokuwa kigumu kuliko kupiga kelele kwake. Katika kipindi kimoja alimuuliza, "Mtoto alimaliza sindano zake?"

"Alimaliza zote," mama akamjibu. "Ulimpeleka mwenyewe."

"Basi vizuri," akasema.

Tulimzika Lipangalala. Baada ya mazishi maneno yalizagaa. Wapo waliosema ni uchawi. Wapo waliosema mimi ndiye niliyemwambukiza, na kwa muda shuleni hakuna aliyetaka kunywa maji kwenye kikombe changu. Mama alikwenda shuleni, akaomba kusimama mbele ya darasa, akanywa maji kwenye kikombe kile kile mpaka yakaisha. Kisha akawaeleza watoto, bila kuwatisha, mbwa mgonjwa anafananaje, na kwamba ukiguswa na mate yake, hata kama hajakuuma, unaosha kwa sabuni muda mrefu na kukimbilia hospitali siku hiyo hiyo. Mwalimu mwenyewe alikuwa ameketi kwenye dawati la nyuma akisikiliza kama mwanafunzi.

Na bwana mifugo alipokuja na chanjo ya mbwa, kwenye uwanja wa mpira, mama ambaye hakupenda mbwa hata kidogo alizunguka mtaa mzima na kamba. Aliingia kwenye nyua za watu. "Shikamoo mzee, naomba mbwa wako." Wengine walimcheka, wengine walimwonea huruma, lakini hakuna aliyemnyima. Nakumbuka mbwa wa mwenyekiti wa mtaa, dume kubwa lililoogopwa na wezi, lilivyokaa chini na kukataa kutembea, mama akalibeba mabegani kama ndama. Watu walicheka siku ile. Mama hakucheka. Alisimama kwenye foleni na dume lile mabegani mpaka likachomwa.

Nimeyasimulia haya mara nyingi kwa wanangu, na kila mara huwa nawasimulia kuhusu mate, sabuni na chanjo, kwa sababu hayo ndiyo yenye faida kwao. Lipo jambo lingine ambalo siwasimulii. Nililielewa nikiwa mtu mzima, nimempeleka mwanangu wa kwanza kuchomwa chanjo zake, nimekaa kwenye foleni na watu, mawazo yakiwa mbali. Lilinijia ghafla, ikabidi nimpe mtu mwingine mtoto anishikie.

Kwamba wakati ule wote alipokuwa akinipeleka, mjomba alikuwa bado anaweza kuokolewa. Dawa ilikuwa nyuma ya mlango uliopakwa rangi ya kijani. Yeye alikuwa nje kwenye benchi, mzima, mwenye nguvu, ameshika ndala zangu mkononi, anawasimulia wagonjwa habari za nguruwe pori mpaka wanacheka. Nesi aliuliza swali zuri na yeye alijibu kweli. Mlango unafunguliwa, natoka nikifuta machozi, anainuka.

"Imeisha?"

"Imeisha, mjomba."

Ananivalisha ndala, ananipandisha kwenye keria, tunarudi nyumbani.